Nani Najisi? Msamiati wa Kiswahili na Ulinzi wa Mwanafunzi Lodwar na Kakuma

Utangulizi

Makala haya yanajadili suala ambalo kwa kawaida huachiwa wanasheria na maafisa wa watoto, nalo ni usalama wa mtoto shuleni. Hoja yetu ni kwamba suala hili linatuhusu pia sisi wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili. Mtoto aliyedhulumiwa hawezi kusaidiwa kabla hajaeleweka, na maneno tunayompa ya kusimulia yaliyomfika mara nyingi humgeukia yeye mwenyewe.

Kabla ya kujiunga na masomo ya uzamili, nilifunza katika shule moja ya msingi viungani mwa Lodwar. Siku moja mwanafunzi wa darasa la tano, ambaye lugha yake ya kwanza ni Kiturkana, alinijia wakati wa mapumziko akasema, "Mwalimu, kuna mtu ananisumbua njiani." Nilimshauri apitie njia nyingine, nikaendelea kusahihisha madaftari. Katika mazungumzo yetu ya kila siku, kusumbua ni kutania, kuomba omba, au kupiga kelele. Majuma mawili baadaye mwalimu mwenzangu, mama anayezungumza Kiturkana, aliketi naye chini ya mti akamwuliza kwa lugha yake. Hapo ndipo tulipong'amua kwamba neno lile lilibeba jambo zito, lililopaswa kufika kwa afisa wa watoto siku ile ile. Mtoto alikuwa amesema. Mimi ndiye niliyekosa kusikia.

Muktadha wa Lodwar na Kakuma

Lodwar ni makao makuu ya Kaunti ya Turkana. Takriban kilomita 120 kutoka hapo ndipo ulipo mji wa Kakuma, na kando yake kambi ya wakimbizi iliyoanzishwa mwaka 1992. Miongoni mwa waliofika mwanzoni walikuwamo maelfu ya wavulana kutoka Sudan waliotembea safari ndefu bila wazazi. Leo madarasa ya kambini huwaleta pamoja watoto wenye asili ya Sudan Kusini, Somalia, Ethiopia, Burundi, Kongo na kwingineko. Mtoto wa Kongo huja na Kiswahili chake, kisichofanana katika kila jambo na kile cha vitabu vya Kenya. Mtoto wa Kidinka au Kinuer huenda akakutana na lugha hii kwa mara ya kwanza akiwa darasani.

Katika pande zote mbili, Kiswahili ni daraja la kumfikisha mtoto kwa polisi, kwa muuguzi, na kwa mwalimu aliyetoka kaunti nyingine. Aidha, mzazi mfugaji anapohama na mifugo kutafuta malisho wakati wa ukame, mwanafunzi wa bweni hubaki na mwalimu kama mtu mzima pekee aliye karibu. Daraja likiwa bovu, mtoto hana pengine pa kuvukia.

Sheria zipo. Kifungu cha 53 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinamlinda "kila mtoto", si raia peke yake. Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006 inamwadhibu mwalimu anayetumia mamlaka yake kumdhulumu mwanafunzi. Waraka nambari 3 wa mwaka 2010 wa Tume ya Huduma za Walimu unamtaka mwalimu mwenye habari, au hata shaka tu, kuripoti katika muda wa saa 24. Ipo pia Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001. Hata hivyo, sheria zote hizi husubiri sentensi ya kwanza ya mtoto.

Msamiati unaomgeukia mtoto

Tutazame maneno manne. La kwanza ni kunajisi, linalotumiwa sana na vyombo vya habari nchini Kenya kutaja kosa la kumwingilia mtoto. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni kutia uchafu, hasa uchafu unaobatilisha utakatifu wa mtu au mahali. Tunaposema mtoto "amenajisiwa", kwa mujibu wa maana hiyo aliyegeuka najisi ni mtoto. Mtenda uovu hutoka katika sentensi akiwa safi.

La pili ni kimapenzi. Husemwa "dhuluma za kimapenzi", au kwamba mwalimu "alikuwa na uhusiano wa kimapenzi" na mwanafunzi wa miaka kumi na minne. Mapenzi yametoka wapi hapo?

La tatu ni kushiriki, kama katika "kushiriki ngono na mwanafunzi". Anayeshiriki ana mshirika, na mshirika huwa ameridhia. Kasoro kama hiyo imo katika istilahi "makosa ya kujamiiana", inayotumika Tanzania kuitaja sheria ya mwaka 1998. Kiambishi -an- cha kauli ya kutendana humfanya aliyetendewa kuwa mtenda pia.

La nne ni kirai "kupata mimba". Katika sentensi "msichana amepata mimba", msichana ndiye kiima, na aliyemtia mimba hayupo kabisa. Sarufi imemficha.

Ushahidi wa fasihi

Fasihi yetu imelitambua tatizo hili. Katika hadithi fupi "Mame Bakari" ya Mohammed Khelef Ghassany, iliyomo katika mkusanyiko wa Tumbo Lisiloshiba (2016), Sara ni mwanafunzi anayebakwa akitoka masomoni. Kinachomnyamazisha baadaye ni taswira ya baba mwenye hasira, ya mwalimu mkuu anayemfukuza na ya wanafunzi wanaomcheka. Sara hana kosa, lakini anajiona kama mshtakiwa. Mkusanyiko huu uliwahi kutahiniwa katika shule za upili kote Kenya. Ni jambo la kutafakari kwamba mwanafunzi aliweza kueleza maudhui ya hadithi hiyo kwa ufasaha katika mtihani, ilhali hakuwa na neno la kueleza yake mwenyewe.

Pingamizi na mapendekezo

Yamkini msomaji atasema kwamba tafsida ni adabu, na kwamba mahakama ina istilahi zake. Tunakubali yote mawili. Hata hivyo, adabu imekusudiwa kumsitiri mtoto. Tafsida inapomsitiri aliyemdhuru, imeacha kazi yake. Nje ya mahakama, tunaweza kusema "alimdhulumu mtoto kingono" au "alimtia mimba mwanafunzi", na mtenda akabaki mahali pake, kwenye kiima.

Kwa hivyo tunapendekeza yafuatayo. Kwanza, masomo ya Kiswahili katika madarasa ya chini yafunze majina ya viungo vyote vya mwili bila kuruka. Pili, mwalimu anaposikia "ananisumbua", "alinichezea" au "alinifanyia tabia mbaya", aulize kwa upole, "Alifanya nini?", asimtilie mtoto maneno kinywani, kisha ampeleke kwa wahusika. Upo pia mstari wa simu wa watoto, nambari 116, usiotozwa malipo. Tatu, chama chetu kishirikiane na wazungumzaji wa Kiturkana, Kidinka, Kisomali na lugha nyingine kuandaa faharasa fupi ya maneno haya, ili mkalimani asilazimike kubahatisha.

Hitimisho

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa mtoto wa Lodwar au Kakuma, mara nyingi si yeye anayeficha. Ni lugha tuliyompa inayomfichia. Sisi tunaojiita wataalamu wa lugha hiyo tunao wajibu wa kuirekebisha, tukianza na masikio yetu wenyewe. Yule mwanafunzi wa darasa la tano alitumia neno pekee alilokuwa nalo. Lilipaswa kutosha.