Batli, Kauli na Zamu: Lugha ya Programu Inayojiandikia katika Mazingira ya Lodwar na Kakuma

1.0 Utangulizi

Makala haya yanahusu aina ya maandishi ambayo kwa kawaida haiingii katika madarasa yetu ya Kiswahili: mistari mifupi ambayo programu ya tarakilishi hujiandikia kila inapotenda jambo. Mstari mmoja husema programu imewashwa, mwingine kwamba mtumiaji ameingia, mwingine kwamba mtandao umekatika. Mistari hiyo hukusanywa katika faili. Faili likijaa hufungwa na kupewa namba, na jingine hufunguliwa mahali pake. Watunga programu huiona kazi hii kuwa ya kifundi tu. Dai letu ni kwamba ni kazi ya lugha pia, na kwamba anayeamua ni maneno gani yaandikwe na yahifadhiwe kwa siku ngapi huwa ameamua pia ni malalamiko ya nani yatakayoweza kusikilizwa.

Tumechagua Lodwar na Kakuma kwa sababu huko uamuzi huo una uzito. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992, na makazi ya Kalobeyei yalifunguliwa karibu nayo mwaka 2016. Mwaka 2013 alama za vidole zilianza kutumiwa kuwathibitisha wapokeaji wa chakula. Mwaka 2015 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianzisha Bamba Chakula, utaratibu ambao sehemu ya mgao ilitumwa kwa simu ya mkononi, ikatumika kununua chakula katika maduka yaliyoidhinishwa. (Kwamba mradi wa shirika la kimataifa ulipewa jina lenye ladha ya Sheng ni jambo linalostahili makala yake.) Mwaka 2025, fedha za msaada zilipopungua, mgao ulianza kutolewa kwa makundi kulingana na uhitaji wa kaya. Katika mazingira hayo, mashine ikisema "umeshachukua", mtu hurudi nyumbani bila unga, na shahidi pekee wa kilichotokea huenda akawa mstari mmoja ndani ya faili. Lodwar, makao makuu ya Kaunti ya Turkana yaliyo umbali wa takriban kilomita 120 kutoka Kakuma, ina ofisi na hospitali zinazotegemea mifumo ya namna hiyohiyo, katika mji ambao kwa miaka mingi ulipata umeme kutoka mitambo yake ya dizeli.

Mifano ya mistari itakayofuata ni ya kubuni kwa ajili ya somo. Haikutolewa katika mfumo wa shirika lolote.

2.0 Suala la jina

Neno linalotumiwa mara nyingi kwa maandishi haya ni "kumbukumbu". Udhaifu wake ni kwamba limekwisha kubebeshwa mizigo mingi. Kuna kumbukumbu za mkutano, kumbukumbu za marehemu, na katika tarakilishi kwenyewe kuna kumbukumbu kwa maana ya sehemu ambamo mashine huweka data inapofanya kazi. Fundi akipigiwa simu na kuambiwa "kumbukumbu imejaa", hajui kama afute mafaili ya zamani au aongeze kifaa. "Shajara" ni neno zuri, ila limezoeleka kwa mtu anayeandika habari za maisha yake. "Logi" ni la kimataifa, lakini kwa msomaji wa Kiswahili halina mzizi wowote wa kushika.

Tunapendekeza "batli". Neno hili limo katika msamiati wa mabaharia, kwa maana ya kifaa cha kupimia mwendo wa chombo na vilevile kitabu cha kuandikia mambo ya safari. Istilahi ya Kiingereza ilipita njia iyo hiyo: gogo lililofungwa kwa kamba yenye mafundo lilitupwa majini, mafundo yakahesabiwa, hesabu ikaandikwa kitabuni, na hatimaye jina la gogo likahamia kwenye kitabu, kisha kwenye tarakilishi. Tukipima kwa vigezo vya PEGITOSCA vya Kiingi, "batli" ni neno fupi, halina maana nyingine ya kulivuruga, na linazalisha: kutia batli, mtia batli, batli ya makosa. Upungufu wake ni uwazi, kwa kuwa wengi hawalijui. Msomaji wa Lodwar atauliza bahari iko wapi. Tunamjibu kwamba Ziwa Turkana linatosha kwa kuanzia.

3.0 Kauli, nyakati na upatanisho

Hapa ndipo mwanafunzi wa sarufi anapohitajika kuliko fundi. Linganisha mistari hii:

Rekodi 3307 imefutika.
Rekodi 3307 imefutwa.
Mtumiaji 14 amefuta rekodi 3307.

Mstari wa kwanza uko katika kauli ya kutendeka: jambo limetokea, mtendaji hayupo, wala hatafutwi. Wa pili uko katika kauli ya kutendwa: mtendaji yupo ila amefichwa. Ni wa tatu tu unaoweza kujibu swali la mtu aliyeambiwa kwamba jina lake halimo kwenye orodha. Mazungumzo ya kila siku hupenda kutendeka kwa sababu ya adabu. Tunasema "sahani imevunjika" hata tulipomwona aliyeivunja. Batli haina ruhusa ya adabu hiyo. Kauli ya kutendeka iachiwe mambo yasiyo na mtendaji, kama vile mtandao kukatika au betri kuisha. Palipo na mkono wa mtu, kiima kiwe huyo mtu, kwa namba yake.

Nyakati nazo zina kazi. Programu inayoandika tu "muamala 5518 umehifadhiwa" haisemi lolote iwapo umeme umezimika katikati ya kuhifadhi. Njia bora ni mistari miwili: "Kuhifadhi muamala 5518 kunaanza", halafu "Kuhifadhi muamala 5518 kumekamilika". Mstari wa -na- usiofuatwa na mstari wa -me- ni ushahidi kwamba kazi ilikatizwa, na unaonyesha mahali pa kutazama. Kwa duka linalotegemea jenereta au sola, jozi hiyo huokoa siku nzima ya ubishi.

Msomaji atakuwa ameona kwamba mistari hiyo imeanza na kitenzijina. Hatukufanya hivyo kwa mapambo. Programu hutunga ujumbe kwa kujaza nafasi katika kiolezo, na kiolezo kilichofasiriwa kutoka Kiingereza, kama "[kitu] imeshindwa kusomwa", hutuletea "*kifaa imeshindwa", "*salio imeshindwa", "*mtandao imeshindwa". Upatanisho wa ngeli hukivunja. Tukiandika "Kusoma [kitu] kumeshindikana", kiima ni kitenzijina, kipatanishi ni ku- daima, na nomino yoyote ikijazwa sentensi inabaki salama. Kwa idadi, afadhali kuandika "Idadi ya rekodi zilizotumwa: 7" kuliko kuilazimisha programu ichague kati ya umoja na wingi. Vivyo hivyo, mtumiaji akiwa kiima, kipatanishi ni a- wakati wote.

Kila mstari huanza na wakati na ngazi ya uzito. Itifaki ya syslog, iliyoanza katika miaka ya 1980 kutokana na kazi ya Eric Allman huko Berkeley, ina ngazi nane. Programu ndogo hutosheka na tano: uchunguzi, taarifa, onyo, hitilafu na janga. Kuhusu wakati, saa za Kiswahili hazifai humu. "Saa nne" ya muuzaji ni 10 ya mashine, na batli yenye saa mbili za aina mbili haina thamani mbele ya mlalamikaji. Mwaka utangulie, kisha mwezi na siku, ili mistari ijipange yenyewe, na tofauti na saa ya dunia itajwe. Tarehe 1 Februari 2021 Sudan Kusini ilirudisha saa zake nyuma kwa saa moja, na tangu hapo rekodi zinazovuka mpaka kupitia Lokichoggio huweza kupishana kwa saa nzima. Basi mstari kamili huwa hivi:

2024-03-11 10:42:07+03:00 ONYO duka-07 Kusoma salio kumeshindikana. Jaribio la 2 kati ya 3.

4.0 Kupokezana zamu

Faili lisilo na kikomo hujaza diski, na diski ikijaa programu husimama. Ndiyo sababu batli hubadilishwa. Baadhi huita kitendo hiki "mzunguko wa faili", jina linalopotosha, kwani hakuna faili linalozunguka na kurudi lilikotoka. Kinachotokea ni kupokezana zamu kama walinzi wa lango. Faili la zamu huitwa, tuseme, batli. Muda wake ukiisha hubadilishwa jina likawa batli.1, iliyokuwa batli.1 ikawa batli.2, na ya mwisho katika safu hufutwa. Lugha ya Python ilipata moduli ya kutia batli mwaka 2003, na ndani yake mna njia mbili za kupokezana: kwa ukubwa wa faili au kwa muda. Katika Linux kazi hiyo hufanywa pia na programu ya nje iitwayo logrotate. Tahadhari moja tu: faili likibadilishwa jina kutoka nje, programu huendelea kuandika katika lilelile la zamani, kwa kuwa imelishika lenyewe wala haitazami jina. Lazima iambiwe ilifungue jipya.

Sasa tufanye hesabu. Duka lenye miamala 400 kwa siku, kila muamala mistari mitano, kila mstari baiti 120, huandika takriban baiti 240,000 kwa siku. Mtunga programu akiweka kikomo cha baiti 1,000,000 kwa faili na kuhifadhi mafaili matatu ya zamani, ana nafasi ya siku kumi na sita na ushei. Mgao wa chakula ni wa mwezi. Mtu anayegundua mwezi unaofuata kwamba salio lake lilikatwa mara mbili atakuta ushahidi umekwisha kufutwa, bila mtu yeyote kukusudia kuufuta.

Hali huwa mbaya zaidi siku ya hitilafu. Mtandao ukikatika na programu ikajaribu upya kila sekunde, ikiandika onyo kila mara, hujaza nafasi hiyo yote kwa muda wa saa tisa hivi. Maonyo 33,000 yanayofanana huisukuma nje miamala ya wiki mbili. Yaani kelele za hitilafu hufuta habari za hitilafu! Dawa yake ni kutenganisha batli ya miamala na batli ya uchunguzi, kupokezana ya kwanza kwa siku na ya pili kwa ukubwa, na kukunja marudio kuwa mstari mmoja: "Ujumbe uliotangulia umerudiwa mara 312". Batli ya miamala ya siku 90 haifiki baiti milioni 22 hata bila kubanwa, na maandishi ya aina hii yakibanwa hupungua sana. Simu ya bei nafuu inaibeba. Kwa hiyo kisingizio cha nafasi, ambacho husikika mara nyingi, hakina mashiko kwa mifumo midogo.

Hata hivyo, kutunza milele si jibu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka data za mtu zisihifadhiwe kupita muda unaohitajika kwa lengo lake. Kakuma sharti hilo lina maana ya ziada, kwa kuwa wapo waliokimbia watu ambao bado wanawatafuta. Batli isiandike jina, namba ya simu, nywila wala alama ya kidole. Iandike namba ya rejea, na ufunguo wa kuioanisha namba hiyo na mtu ukae pengine, penye mlango wake. Aidha, maneno yaliyoingizwa na mtumiaji yaandikwe kama maandishi matupu, yasitekelezwe kamwe. Desemba 2021 ilitangazwa hadharani kwamba maktaba ya Log4j, inayotumiwa na programu nyingi za Java duniani, ilikuwa ikiyatii baadhi ya maneno iliyopewa iyaandike tu, na mafundi wa kila bara wakakesha kuiziba.

Linabaki swali la msomaji wa batli. Ikiandikwa kwa Kiingereza cha kifundi, mwenye duka atamsubiri fundi kutoka Lodwar, au mbali zaidi. Ikiandikwa kwa Kiswahili, lugha inayotumiwa na Wakongo, Warundi, Waturkana na wengine wengi wanapokutana sokoni Kakuma, mlalamikaji na muuzaji wanaweza kuinama pamoja juu ya kioo kimoja na kusoma: "Mtumiaji 14 amefuta rekodi 3307".