Mpe Mtoto Aliyeumizwa Uwanja, na Mtu wa Kumwamini

Utamwona anashtuka mlango ukibamizwa. Wenzake wakiitana kucheza, yeye anabaki ukutani, macho kwenye njia ya kutokea. Mwili wa mtoto aliyefanyiwa ukatili huzoea kukaa tayari kukimbia: misuli imekaza, usingizi ni wa mang'amung'amu. Maneno ya kutuliza pekee hayatoshi; mwili nao unahitaji michezo.

Kabla ya michezo yote, hakikisha aliyemuumiza hamfikii tena. Tanzania na Kenya, namba 116 ya simu ya msaada kwa watoto hupigwa bure. Tanzania kuna pia Dawati la Jinsia na Watoto kwenye vituo vya polisi, na ofisa ustawi wa jamii. Akibakwa au kulawitiwa, afikishwe hospitali haraka iwezekanavyo, kwani dawa za kuzuia VVU huanzishwa ndani ya saa 72. Kutoa taarifa si hiari: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ya Tanzania inamwajibisha kila mwanajamii.

Akishakuwa salama, mtoe nje. Akiruka kamba au kukimbizana, moyo unamwenda mbio kwa furaha, kisha unatulia wenyewe, na mwili unajifunza tena kutulia. Lakini chagueni pamoja. Kombolela tunaipenda sote, ila kujificha gizani na kushikwa ghafla kunaweza kumrudisha kulekule alikoumizwa. Mdako ni mpole zaidi kwa kuanzia. Akisema hataki, basi. Hilo "sitaki" kuheshimiwa ni sehemu ya kupona kwake.

Mimi napenda zaidi bustani. Mpe tuta lake la mchicha, amwagilie mwenyewe. Baada ya wiki tatu au nne anavuna, na asiwepo wa kuchuma hata jani bila kumwomba. Mtoto aliyenyang'anywa kauli juu ya mwili wake anaanza kuirudisha hapo, kwenye kitu kidogo kilicho chake.

Anahitaji pia mtu mzima mmoja asiyekatika. Ukisema Jumamosi saa tisa, fika saa tisa. Usimchimbe kuhusu yaliyotokea. Akianza mwenyewe, sikiliza, mwambie, "Nakuamini, na si kosa lako." Usimwahidi kuificha siri hiyo, mweleze utamwambia nani, na kwa nini.

Wazazi, mchujeni mtu mzima huyo bila haya, hata kama ni kocha au mtu wa dini. Wanaoumiza watoto mara nyingi ni watu tunaowafahamu na kuwaamini. Yeye na mtoto wakutane mahali pa wazi, watu wengine wakiwaona. Zawadi za kificho na ujumbe wa simu wa pembeni vikatazwe kabisa.

Bustani na michezo havichukui nafasi ya mtaalamu. Mtoto akijikata, au akisema anataka kufa, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, wala usimwache peke yake njiani.