Dondoo Muhimu: Bosi Anayeshika Beseni

Mwaka 1906, Peter Nyambo kutoka Nyasaland, Malawi ya leo, na Arthur Carscallen walianzisha misheni ya Waadventista huko Gendia, karibu na Kendu Bay. Leo Homa Bay na Migori zimejaa makanisa, lakini Jumatatu ofisini bado utamkuta mkubwa anayebebewa mkoba. Kwa msimamizi Mkristo:

• Anza na kazi inayokimbiwa. Katika Yohana 13, Yesu ndiye anayefunga taulo kiunoni na kuosha miguu yenye vumbi. Ufuoni Mbita, mvua ikishuka ghafla omena ikiwa bado imeanikwa, usisimame chini ya mwavuli ukiamrisha. Shika ncha ya wavu, muukunje pamoja na akina mama. Maelekezo yatangoja.

• Lipa kwa wakati. Kibarua anayekata miwa Awendo hashibi sala ya kufungua mkutano.

• Utumishi si kufumbia macho wizi. Anayepunja kipimo cha gorogoro mwite pembeni, mwambie waziwazi, kisha mfidie mteja. Kunyamaza wengi hukuita upole, kumbe ni woga wa kuchukiwa.

• Ukimkaripia mtu mbele ya wenzake, halafu ikabainika kosa lilikuwa lako, mwombe radhi mbele ya wale wale, si kwa ujumbe wa simu usiku. Hapa hata mimi hukwama.

• Foleni ya chai, kaa nyuma.