Vumbi la Mwakitolyo na moshi wa sigara

 

Ndugu msomaji, katika safari ya daawa machimboni Mwakitolyo, mkoani Shinyanga, nilikaa na kijana mmoja aliyekuwa ametoka duarani, uso mweupe kwa vumbi la mawe. Kabla hajanawa akawasha sigara. Nikamwambia, "Mwanangu, unakohoa hivyo na bado unakiongezea kifua moshi?" Akacheka. "Ustadhi, huku vumbi litatuua kabla ya sigara. Sasa niache kwa faida gani?"

Jibu la namna hii hata hapa mjini tunalisikia, ila wetu husingizia moshi wa magari. Lina kosa kubwa la hesabu ndani yake.

Mwamba ukipasuliwa kwa nyundo au kusagwa kwenye karasha hutoa vumbi la silika. Chembe zake hazionekani kwa macho, nazo hufika ndani kabisa ya mapafu na kuyatia makovu. Maradhi hayo huitwa silikosisi, na hayana dawa ya kuyaponya. Vumbi hilo pia hufungua mlango wa kifua kikuu, na tangu mwaka 1997 limo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya visababishi vya saratani. Mpaka hapo kijana yuko sahihi.

Lakini je, sigara inasubiri zamu yake? Njia zetu za hewa zina vinyweleo vidogo vinavyofagia uchafu na kuutoa pamoja na kohozi. Moshi huvilemaza. Mchimbaji anayevuta amelikaribisha vumbi na kumfukuza mfagiaji! Isitoshe, shirika hilo hilo linasema uvutaji huongeza hatari ya kuugua kifua kikuu mara mbili hadi mbili na nusu. Basi mwenye vumbi kifuani ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya kuacha.

Wapo watakaosema sigara ni makuruhu tu. Ni kweli, wapo wanazuoni wa zamani waliosema hivyo, kwani tumbaku ilitoka Amerika karne nyingi baada ya Maimamu wanne, na madhara yake hayakuwa yakijulikana. Leo yanajulikana. Mwaka 2000 Mufti wa Misri, Sheikh Nasr Farid Wasil, alitoa fatwa kuwa ni haramu. Anayeshikilia makuruhu aisome tena aya ya 195 ya Suratul Baqara, inayotukataza kujiangamiza kwa mikono yetu wenyewe.

Nikamuuliza kijana, "Ramadhani unafunga?" Akasema anafunga zote. "Na sigara mchana?" Akanyamaza.

Huyu hukaa zaidi ya saa 13 bila moshi, tena na njaa na kiu, kisha anasema hawezi kuacha! Baada ya saa 12 tu, ile gesi ya sumu ya moshi iliyo katika damu huanza kurudi kiwango cha kawaida. Mwili huanza kupona kila mchana wa Ramadhani, na ikifika Magharibi tunaurudisha ulikotoka, wengine kabla hata tende haijashuka. Huko kuwasha usiku ndiko kunakoiweka hai kiu ya nikotini. Siku 3 za mwanzo ndizo ngumu, kwa hasira, usingizi kuruka na kichwa kuuma. Baadaye hamu hupungua wiki hadi wiki. Ikija, hupita baada ya dakika chache. Anywe maji, apige mswaki, aondoke penye wavutaji.

Wala vijana wetu wa mjini wasijidanganye na sigara za umeme. Nyingi zina nikotini ileile, na kuzivuta mchana wa Ramadhani kunafunguza vilevile. Shisha ndiyo kabisa, kwani kikao cha saa moja huingiza moshi mara 100 au zaidi ya ule wa sigara moja.

Nilimsihi kijana kwanza akapimwe makohozi, kwani tiba ya kifua kikuu katika vituo vya serikali ni bure, na wakiwa kazini wamwagie mwamba maji ili vumbi lipungue. Akaahidi kwenda Ijumaa, siku ambayo hashuki duarani. Pakiti hakunipa, aliirudisha mfukoni.