Nianzie wapi kuuona uzuri?

Swali: Ninakaa Buguruni, Dar es Salaam. Asubuhi daladala, jioni foleni. Nasikia watu wakisema uzuri upo kila mahali. Mimi naona vumbi tu. Nianzie wapi?

Jibu: Anza na kitu kimoja, ukijue vizuri. Kumwambia mtu aliyechoka "tazama uzuri" hakumsaidii. Desemba ikifika, okota ua la mkrismasi lililoanguka kando ya barabara. Petali nne ni nyekundu. Ya tano ni nyeupe yenye michirizi myekundu, na wengi tumepita chini ya mti huo miaka nenda rudi bila kuiona. (Asili yake Madagaska, kwa hiyo naye ni mhamiaji mjini.)

Kama kuna mgomba uani, msubiri chozi, yule ndege mdogo wa mdomo uliopinda, anayefuata nekta kwenye maua yake. Dume akigeuka juani hung'aa kijani, akihamia kivulini huonekana mweusi: mng'ao ule unatokana na jinsi manyoya yalivyoumbika kuakisi mwanga. Jike hana makeke ya rangi, lakini ndiye fundi wa kiota. Simu iache mfukoni. Chozi hatulii apigwe picha.