Klorini Dayoksaidi: Inakofaa na Inakodhuru

Oktoba 2001, barua yenye unga wa kimeta ilifunguliwa katika ofisi ya Seneta Tom Daschle, ndani ya jengo la Hart mjini Washington. Vijidudu vya kimeta hujifungia ndani ya ganda gumu linalostahimili ukame, joto na sabuni nyingi, kwa hiyo kufuta meza na kupiga deki kusingetosha. Jengo lilifungwa. Desemba mwaka huo wataalamu walijaza sehemu zilizochafuliwa gesi ya manjano inayoelekea kijani, bila mtu yeyote asiye na kinga kubaki humo. Gesi hiyo ni klorini dayoksaidi. Jengo lilifunguliwa tena Januari 22, 2002.

Mwaka 2019, kemikali hiyohiyo ilikuwa ikinywewa makanisani nchini Uganda. Mei mwaka huo gazeti la The Guardian la Uingereza liliripoti kwamba mtandao ulioongozwa na mchungaji kutoka New Jersey, Marekani, ulikuwa umewafundisha viongozi wa dini wapatao 1,200 kugawa mchanganyiko wa sodiamu kloraiti na asidi ya sitriki, na kwamba waliofikiwa huenda walikuwa watu 50,000, watoto wadogo wakiwemo. Waliambiwa kuwa inatibu malaria, UKIMWI na saratani.

Kijitabu hiki kinaeleza mchanganyiko huo ni kitu gani, unatumika wapi kihalali, unafanya nini ukiingia mwilini, na hatua za kuchukua iwapo mtu ameshaunywa.

Chumvi, asidi na kinachozaliwa

Sodiamu kloraiti ni chumvi nyeupe ya viwandani. Jina lake linakaribiana na la chumvi ya mezani, ambayo ni sodiamu kloraidi, lakini tabia zake ziko mbali kabisa. Kloraiti imebeba oksijeni ndani yake na iko tayari kuitoa. Unga wake ukichanganyika na karatasi, nguo au mafuta unaweza kuwaka moto, ndiyo maana husafirishwa kwa masharti ya mizigo hatari.

Ikiwa peke yake ndani ya maji, kloraiti hutulia kwa muda mrefu. Ikitiwa asidi, hata asidi hafifu kama ile iliyomo kwenye ndimu au siki, utulivu huo huisha. Sehemu ya kloraiti hugeuka kuwa klorini dayoksaidi, maji yanapata rangi ya manjano na harufu kali inayofanana na ya klorini ya bwawa la kuogelea. Gesi hii huchemka kwenye nyuzi 11 tu za Selsiasi na inaweza kulipuka ikizidi takriban asilimia 10 ya hewa. Haifai kubanwa kwenye mitungi na kusafirishwa, kwa hiyo viwanda huitengeneza palepale inapohitajika.

Nguvu yake ya kuua vijidudu inatokana na uoksidishaji. Hunyakua elektroni kutoka kwenye protini za kijidudu, kuta zake zikaharibika na kazi zake za ndani zikasimama. Haitambui kijidudu kwa jina wala kwa aina. Inashambulia chochote kilicho tayari kupoteza elektroni: bakteria, utelezi ndani ya bomba, rangi ya nguo, utando wa koo, chembe nyekundu ya damu.

Kazi zake halali

Mwaka 1944 mtambo wa maji wa Niagara Falls, jimbo la New York, ulianza kutumia klorini dayoksaidi kuondoa ladha na harufu mbaya ya kemikali zilizoitwa fenoli. Baadaye miji mingi ya Marekani na Ulaya iliiga. Wahandisi wa maji wanaipenda kwa sababu mbili. Kwanza, haizalishi kwa wingi zile kemikali ziitwazo trihalomethani ambazo klorini ya kawaida huzitengeneza ikikutana na mabaki ya majani na udongo. Pili, ina nguvu kuliko klorini dhidi ya vimelea sugu kama Giardia na Cryptosporidium, wanaosababisha kuhara.

Mchanganyiko wa kloraiti na asidi hutumika pia kwenye chakula. Tangu miaka ya 1990 sheria za Marekani zinaruhusu kuku waliochinjwa viwandani kunyunyiziwa au kuchovywa kwenye kloraiti iliyotiwa asidi ili kupunguza Salmonella, kwa viwango na kiasi cha asidi kilichoandikwa kanunini. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa nao wana dawa za kuchovyea chuchu baada ya kukamua, ambazo baadhi yake ni kloraiti na asidi ya laktiki, kwa ajili ya kuzuia ugonjwa wa kiwele.

Katika kazi zote hizo kuna mtu anayepima. Kwenye mtambo wa maji, mabaki ya kemikali hupimwa kabla maji hayajaingia mabombani. Shirika la Afya Duniani (WHO) limeweka kikomo cha muda cha miligramu 0.7 za kloraiti kwa lita moja ya maji ya kunywa. Marekani hairuhusu klorini dayoksaidi izidi miligramu 0.8 kwa lita. Mfanyakazi wa kiwandani hatakiwi kuvuta hewa yenye zaidi ya sehemu 0.1 ya gesi hii katika kila sehemu milioni, kwa wastani wa zamu ya saa 8.

Hesabu ya tone moja

Chupa zinazouzwa kwa majina kama MMS au "madini ya miujiza" kwa kawaida zina sodiamu kloraiti ya takriban asilimia 22. Wauzaji huhesabu dozi kwa matone, na neno "tone" linasikika kama kitu kidogo.

Tone moja la mchanganyiko mkali kiasi hicho lina takriban miligramu 8 hadi 10 za kloraiti. Kamati ya pamoja ya wataalamu wa WHO na Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) iliweka kiwango kinachokubalika cha kloraiti kwa siku kuwa kisichozidi miligramu 0.03 kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Mtu mzima mwenye kilo 60 anafikia kikomo hicho kwa miligramu 1.8. Mtoto wa kilo 10 anakifikia kwa miligramu 0.3. Tone moja tu linapita kikomo cha mtu mzima zaidi ya mara nne, na cha mtoto zaidi ya mara ishirini na tano.

Kwa upande wa maji, mtu angehitaji kunywa zaidi ya lita 10 za maji yaliyofika kwenye kikomo cha WHO ili apate kloraiti iliyomo ndani ya tone hilo. Wauzaji hawaishii kwenye tone moja, na hawaishii kwenye siku moja. Hoja yao kwamba "hata maji ya mjini yana dawa hii" inaporomoka kwenye hesabu hiyo.

Kinachotokea mwilini

Madhara ya kwanza huonekana tumboni: kichefuchefu, kutapika, kuhara. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA), iliyoonya umma mwaka 2010 na tena Agosti 2019, imepokea taarifa za watu waliotapika na kuhara vibaya, ambao shinikizo lao la damu lilishuka hadi kuhatarisha maisha kwa kuishiwa maji, na walioharibika ini ghafla.

Madhara mengine hayaonekani kwa macho mwanzoni. Kloraiti ikiingia kwenye damu huoksidisha madini ya chuma yaliyomo ndani ya himoglobini, nayo ikashindwa kubeba oksijeni. Midomo na kucha hugeuka rangi ya buluu au kijivu, na damu inayotolewa kwa sindano huonekana ya kahawia kama chokoleti. Mgonjwa anahema kwa nguvu, hewa inaingia mapafuni, lakini viungo vyake vinakosa oksijeni. Chembe nyekundu zinaweza pia kupasuka, na figo zikalemewa.

Jambo hili linawahusu sana watu wa Afrika Mashariki. Katika maeneo yenye malaria kwa karne nyingi, hasa pwani na kandokando ya maziwa makuu, watu wengi wamerithi upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD. Kimeng'enya hicho ndicho kinga ya chembe nyekundu dhidi ya uoksidishaji. Mwenye upungufu huo anaweza kuishi bila kujua, mpaka anywe kitu kinachochoma damu yake kutoka ndani. Wanaume ndio wanaoathirika zaidi. Watoto wachanga nao wako hatarini zaidi, kwa kuwa miili yao bado haina uwezo wa kutosha wa kurekebisha himoglobini iliyoharibika.

Kutoka Guyana hadi mahakama ya Florida

Biashara hii ilianza na Jim Humble, Mmarekani aliyesimulia kwamba mwaka 1996, akiwa msituni Guyana kutafuta dhahabu, aliwapa wenzake waliougua malaria matone ya dawa ya kusafishia maji nao wakapona. Mwaka 2006 alitoa kitabu, na baadaye likaanzishwa Kanisa la Genesis II, yeye akijiita askofu mkuu. Mwenzake, Mark Grenon wa Bradenton, Florida, aliuza chupa pamoja na wanawe watatu na kuita malipo "mchango". Waendesha mashtaka walionyesha kuwa Grenon mwenyewe alikiri kanisa hilo halikuhusu dini, bali liliundwa ili kuihalalisha MMS na kukwepa jela.

UVIKO-19 ulipoingia mwaka 2020, waliitangaza kuwa tiba yake. Mahakama ikaamuru waache, wakakaidi. Wapelelezi walikuta nyumbani kwa mmoja wa wana hao karibu pauni 10,000 za unga wa sodiamu kloraiti, zaidi ya tani 4. Oktoba 2023 Jonathan na Jordan Grenon walihukumiwa miezi 151 kila mmoja, baba yao Mark na ndugu yao Joseph miaka 5 kila mmoja.

Kwingineko, wazazi wa watoto wenye usonji walishawishiwa kuwapa watoto wao mchanganyiko huo kwa mdomo na hata kwa njia ya haja kubwa. Vipande vya utando wa utumbo vilivyotoka vilielezwa kuwa minyoo. Julai 2020, Shirika la Afya la Nchi za Amerika (PAHO) lililazimika kutoa tamko kwamba halipendekezi klorini dayoksaidi wala sodiamu kloraiti kwa mgonjwa yeyote.

Je, si kuna waliopona malaria?

Ushahidi unaotajwa mara nyingi ni wa wilaya ya Luuka, Uganda, Desemba 2012, ambako wagonjwa walinyweshwa MMS, wakapimwa tena baada ya muda mfupi, na video ikasambazwa ikidai wote wamepona. Shirikisho la Kimataifa la Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu lilitangaza wazi kujitenga na madai hayo.

Kipimo cha siku moja au mbili hakiwezi kuthibitisha tiba ya malaria. Mtu mzima aliyekulia kwenye eneo la malaria ana kinga kiasi, na vimelea katika damu yake hupanda na kushuka vyenyewe. Ndiyo maana WHO inataka dawa ya malaria ifuatiliwe kwa siku 28 au zaidi. Mtoto mdogo aliyecheleweshwa kupata dawa mseto ya malaria hana muda wa kusubiri, kwani malaria kali inaweza kumuua ndani ya saa chache.

Maswali ya nyumbani

*WaterGuard si kitu hichohicho?* Hapana. Dawa hiyo ya maji ni klorini ya aina ya haipokloraiti, na kipimo chake kimekadiriwa kwa ndoo au dumu zima. Soma kifuniko na maelezo ya chupa, chuja maji machafu kwa kitambaa safi, changanya, subiri dakika 30 kabla ya kunywa. Kuchemsha nako kunafaa.

*Nikitia ndimu au siki kwenye JIK, ile dawa ya kung'arishia nguo, itasafisha zaidi?* Usifanye hivyo. JIK ikikutana na asidi, zikiwemo dawa nyingi za kusafishia choo, hutoa gesi ya klorini inayoumiza mapafu. Bafu dogo lisilo na dirisha ndilo hatari zaidi.

*Muuzaji anasema kuharisha ni dalili kwamba sumu inatoka.* Kuharisha ni dalili ya kuumia kwa tumbo na kupoteza maji. Acha kunywa mara moja.

Mtu akishakunywa

Msukutue mdomo kwa maji safi. Akiwa na fahamu na anameza vizuri, anaweza kunywa maji kidogokidogo. Usimtapishe, maana kinachorudi kitaunguza koo mara ya pili. Usimpe ndimu, siki wala dawa nyingine ya kienyeji.

Gesi ikimpata, mtoe nje penye hewa. Ikiingia machoni, osha kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi.

Mpeleke hospitali hata kama anaonekana kuwa na nafuu, na beba chupa pamoja na maelezo yake. Mweleze daktari alikunywa nini, kiasi gani na lini, na kama kuna mtu katika familia aliyewahi kuambiwa ana upungufu wa G6PD. Taarifa hiyo ni muhimu kwa sababu methilini bluu, dawa inayotumika kurekebisha himoglobini, inaweza kumdhuru mwenye upungufu huo. Daktari ajue pia kuwa kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinaweza kupotosha katika hali hii.

Chupa inayouzwa kama tiba iripotiwe kwa mamlaka husika: Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) nchini Tanzania, Bodi ya Dawa na Sumu nchini Kenya, au Mamlaka ya Taifa ya Dawa (NDA) nchini Uganda. Picha ya lebo, jina la mahali ilipouzwa na tarehe vinatosha kuanzisha uchunguzi.