Mashua Kuukuu na Mashine Mpya: Tuanze Wapi?

Ukipita katika fukwe zetu, kuanzia Tanga na Pangani mpaka Bagamoyo, Mafia na Kilwa, utaona mashua za zamani zimelala mchangani. Nyingine zimekwisha kabisa, zimebaki za kuni. Lakini nyingine bado zina uhai. Mkuku ni mzima, mataruma mengi ni mazima, zilizoharibika ni mbao chache na misumari. Mwenyewe kaiacha kwa sababu hana fedha, au kwa sababu vijana wake wanataka boti ya mashine na tanga hawalitaki tena.

Somo letu la leo ni hili. Mashua ya zamani inaweza kufufuliwa na kupachikwa mashine. Ila kazi hiyo ina utaratibu wake: kwanza mbao, kisha nyuma ya mashua, mwisho mashine. Wengi hufanya kinyume. Hununua mashine kwa mkopo, huifunga kwenye chombo kibovu, na baada ya miezi michache mashine iko chini ya bahari na mkopo uko palepale.

Mashine ninayosema ni ile inayoning'inia nyuma ya chombo, yenye propela chini yake. Si kitu cha jana. Ole Evinrude, fundi aliyezaliwa Norway akaishi Milwaukee huko Marekani, alianza kuuza za kwake mwaka 1909. Ilikuwa na nguvu ya farasi moja na nusu tu. Siku hizi kwetu twaona za farasi 15, 25, 40 na zaidi.

Mashua inaikubali mashine hiyo kwa urahisi kwa sababu nyuma yake imekatwa bapa. Dau lina ncha mbele na nyuma, kwa hiyo mashine haina pa kukaa mpaka fundi alitengenezee mahali.

KUIPANDISHA NA KUIKAGUA

Ipandisheni mashua wakati wa bamvu, maji yanapojaa sana, ili maji yakitoka ibaki juu pakavu. Ilazeni juu ya magogo na kuitia magadi pande zote mbili isianguke. Ijengeeni kibanda cha makuti. Jua kali likiipiga mbao hupasuka.

Sasa chukua nyundo ndogo. Gonga ubao mmoja mmoja, toka omo mpaka tezi. Ubao mzima hulia, ko, ko. Uliooza hauna sauti, ni bu, bu, kama kugonga papai bivu. Palipo na sauti mbaya piga alama kwa chaki. Kisha ingia ndani na kisu. Choma mataruma pale chini kwenye ngama. Kisu kikizama kama kwenye mhogo uliochemshwa, taruma hilo si lako tena.

Watu wengi hudhani maji ya chumvi ndiyo yanayoozesha mbao. Sivyo. Maji ya mvua ndiyo adui mkubwa. Mashua iliyoachwa ufukweni bila kifuniko hujaa mvua, maji yakatulia ndani miezi, na uozo ukaanza hapo. Ndiyo maana mara nyingi chombo kinachofanya kazi kila siku hudumu kuliko kilichopumzishwa.

Chumvi yenyewe hula chuma. Ukiona doa jeusi limezunguka kichwa cha msumari, ujue msumari unaliwa ndani. Jaribu kuung'oa. Ukikatika mkononi, na wenzake wa mstari ule wako vivyo hivyo.

Yuko na mdudu wa baharini anayetoboa mbao. Tunamwita mdudu, lakini kwa kweli ni jamaa ya chaza na kome. Huingia akiwa mdogo sana, tundu lake kwa nje ni kama la sindano. Akishaingia hukua, huchimba mtaro ndani ya ubao, unene wa kalamu na zaidi. Kwa nje utaona ubao safi kabisa, kumbe ndani ni sega la nyuki. Kwa hiyo vitundu vidogo chini ya mashua visidharauliwe.

MBAO NA KALAFATI

Usibomoe vyote kwa siku moja! Ukitoa mataruma yote, mashua itafunguka na umbo lake halitarudi tena. Toa taruma moja, weka jipya, kisha nenda kwa jingine. Taruma zuri hukatwa kutoka mti uliojipinda wenyewe, kwa sababu nyuzi za mti zinafuata ule mpindo. Ukipinda kwa msumeno unakata nyuzi, nalo taruma litavunjika. Kabla ya kukata mti, mikoko hasa, ulizeni kibali kwa maofisa wa misitu.

Mbao za mvule au mninga ni bora, lakini bei yake mnaijua wenyewe. Mafundi wengi siku hizi hutumia mwembe. Ni rahisi kupatikana, haudumu sana, lakini ubao wa mwembe uliotunzwa ni afadhali kuliko wa mninga uliotupwa. Unene wa ubao mpya uwe sawa na wa zamani. Na maungio ya mbao mbili zinazopakana yasikutane kwenye taruma moja, maana hapo utakuwa umetengeneza mahali pa kukatikia.

Tundu la msumari hutobolewa kwanza kwa keekee, ndipo msumari unapigwa. Tumia misumari iliyopakwa zinki. Chini ya kichwa chake zungusha pamba iliyochovywa mafuta, maji yasipite.

Kisha ndipo kalafati. Hii ni kazi ya wazee wetu na mpaka leo hakuna iliyoishinda kwa chombo cha mbao. Pamba husokotwa, hulowekwa mafuta ya nazi au ya simsim, halafu husukumwa kwenye nyufa kwa patasi butu na nyundo ya mti. Isukume mpaka ikatae. Lakini usizidishe nguvu, kwa sababu mbao zikiingia majini zitavimba, na pamba iliyobanwa kupita kiasi huweza kuzisukuma zikaachana na mataruma.

Chini ya mashua huchomwa kwa moto wa makuti makavu kuua wadudu na majani, kisha hupakwa shahamu, yaani mafuta ya mnyama yaliyochanganywa na chokaa. Ukichoma, petroli yote iwe mbali, wala asiwepo mtu mwenye sigara anayejifanya msimamizi.

NYUMA YA MASHUA

Hapa ndipo watu wanapokosea zaidi. Mashua ilitengenezwa kwa tanga. Upepo unasukuma tanga, tanga linasukuma mlingoti, na mlingoti umekaa juu ya mkuku. Nguvu inaingia katikati na kusambaa chombo kizima. Mashine si hivyo. Inasukuma mahali pamoja tu, kwenye ubao wa nyuma, na inatetemeka saa zote. Ubao ule haukuwekwa kwa kazi hiyo. Usipoutia nguvu utaanza kuachia kidogo kidogo, na siku utakapoachia kabisa, maji yataingia kwa nyuma mkiwa mbali na nchi kavu.

Kwa hiyo weka ubao mwingine mnene kwa ndani. Kisha weka magoti, yaani vipande vya mti vilivyopinda, goti moja likishika ubao wa nyuma na mkuku, mengine mawili yakishika ubao huo na ubavu wa kulia na wa kushoto. Funga kwa bolti zinazopenya na nati zake. Msumari hapa hautoshi.

Pima na kimo. Kuna mashine za mguu mfupi, zinazotaka ubao wa nyuma wa kimo cha sentimita 38 hivi, na za mguu mrefu, sentimita 51 hivi. Pima kutoka juu ya ubao, mashine inapong'ata, mpaka chini ya mashua. Kuna bamba bapa juu kidogo ya propela. Bamba hilo liwe sawa na chini ya mashua, au chini yake kidogo tu. Likiwa juu mno, propela itavuta hewa, mashine italia bila chombo kwenda. Na mashine ifungwe kwa mnyororo pia. Skurubu zake hulegea, nayo ikidondoka hairudi.

FARASI WANGAPI?

Kikundi kimoja cha wavuvi wilayani Kilwa walinishirikisha ubishi wao. Walikuwa na mashua ya mita 7 na akiba waliyoiweka kwa taabu.

"Mwalimu," vijana wakaniambia, "sisi tunataka farasi 40. Wenzetu wana arobaini, wanafika kisiwani sisi bado tuko njiani."

Fundi wao mzee alikuwa anasokota pamba. Akasema bila kuinua macho, "Wajukuu zangu, boti ya wenzenu ni nyepesi, na chini ni bapa. Inapanda juu ya maji. Hii yenu inayakata maji. Mpeni hata farasi mia, hapandi."

Kijana mmoja akacheka. Mzee akamwambia, "Cheka, babu, lakini petroli utanunua wewe."

Mzee yule hakuwa na vitabu, lakini vitabu vinamuunga mkono. Chombo kizito kinachokata maji kina mwendo wake wa mwisho, nao hutegemea urefu wake ndani ya maji. Kwa mita 7, ni kama maili 6 na nusu za baharini kwa saa, yaani kilomita 12 hivi. Ukikisukuma zaidi, kinaanza kupanda wimbi lake chenyewe. Nyuma inazama, mbele inainuka, na mwendo hauongezeki ila kidogo.

Haya, tufanye hesabu tuliyojifunza darasani. Mashine ya kuchanganya mafuta, ya farasi 15, ikiendeshwa kwa nguvu zote hunywa kama lita 7 kwa saa. Ya farasi 40 hunywa kama lita 18. Safari ya kwenda na kurudi tuseme ni saa 4.

7 × 4 = 28
18 × 4 = 72
72 – 28 = 44

Ni lita 44 za ziada kwa safari moja. Zidisha kwa bei ya petroli ya hapo kijijini, kisha zidisha kwa siku za kwenda baharini katika mwezi. Kikundi kile walipoona jumla kwenye ubao walinyamaza kitambo. Walinunua ya 15. Fedha iliyobaki wakanunulia mbao, nanga na maboya ya kuvaa.

Tena tanga hawakulitupa. Nami nawasifu. Upepo ukiwa mzuri, wa kaskazi au wa kusi, mashine inainuliwa na petroli inalala. Na mashine ikizimika katikati ya bahari, mwenye tanga anarudi nyumbani.

MAFUTA NA MAJI

Mashine hizi za kuchanganya hazina mafuta ya peke yake ndani. Oili huchanganywa na petroli. Soma kitabu cha mashine yako uone kipimo. Nyingi ni moja kwa hamsini, na ikiwa mpya huongezwa zaidi. Lita 20 ni mililita 20,000. Gawanya kwa 50, unapata mililita 400 za oili. Usikisie kwa macho. Oili ikisahauliwa pistoni hukwama, na hapo fundi atakuambia bei utakayoikumbuka. Oili ya gari nayo haifai. Nunua iliyoandikwa ya mashine za boti.

Mashine ikiwaka, tazama kijimaji kinachotoka nyuma yake kama mkojo. Kikikatika, zima mara moja, maana haipozwi. Ukirudi ufukweni iendeshe dakika chache ndani ya pipa la maji baridi ya kisima ili chumvi itoke.

SIKU YA KUISHUSHA

Msiifunge mashine siku ya kwanza. Ishusheni mashua mtupu kwenye maji mafupi, itieni nanga. Itavuja. Msishtuke wala msimgombeze fundi. Mbao zilizokauka zinataka siku kadhaa zivimbe na kubana pamba. Kumbeni maji asubuhi na jioni, na kila mara andikeni kwenye daftari ni ndoo ngapi. Ndoo zikipungua siku hadi siku, kazi ni njema. Zisipopungua, au zikiongezeka, pandisheni tena mtafute tundu.

Ndoo zikishakuwa chache, mwiteni mkaguzi wa vyombo vidogo wa TASAC aione mashua na kuwaelekeza juu ya cheti na idadi ya watu. Kisha fungeni mashine, mwende karibu na pwani kwanza, mtu mmoja akae nyuma akitazama yale magoti na zile bolti.

ZOEZI: Kikundi kina lita 30 za petroli. Kipimo ni moja kwa hamsini. Oili iwe mililita ngapi? Fanyeni kila mtu kwenye daftari lake, kisha mlinganishe. Jibu ni mililita 600.